Kupanga mtambo wa DJ nyumbani: kuanzia laptop hadi spika

Mtambo wa DJ wa kufanyia mazoezi nyumbani ni vitu vitano: laptop, kontrola (ubao wa vitufe na magurudumu unaoongoza programu ya DJ), hedifoni, spika zenye amplifaya ndani, na nyaya za kuviunganisha. Wengi wanaoanza humaliza pesa yote kwenye kontrola yenye vitufe vingi, halafu wanaitolea sauti kwenye spika ya bluetooth. Hapo mazoezi hayaendi. Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi kwa zaidi ya milisekunde 100. Kwenye wimbo wa biti 120 kwa dakika, biti moja ni milisekunde 500, kwa hiyo spika inakuwa nyuma ya hedifoni kwa moja ya tano ya biti. Utapanga nyimbo mbili zikae pamoja masikioni na chumbani zisikike zikigongana, na utadhani kosa ni lako. Sauti ipite kwenye waya tangu mwanzo hadi mwisho.

Kontrola ya deki mbili inatosha kabisa

Deki ni sehemu ya kontrola inayocheza wimbo mmoja. Nne ni kwa mtu aliyekwisha kuzimudu mbili. Pioneer DDJ-FLX4 na DDJ-400 iliyoitangulia ni mashine nzuri za kuanzia. Zote hupata umeme kwa waya uleule wa USB unaoziunganisha na laptop, na zote zina kadi ya sauti ndani. Hiyo kadi ndiyo ya kuiulizia dukani kabla ya kitu kingine. Ndiyo inayopeleka wimbo unaosikika kwenye spika na wimbo unaoutayarisha kwenye hedifoni, kila mmoja njia yake. Kontrola kama DDJ-200 haina kadi ndani, inategemea waya wa kugawa sauti ya simu au laptop: upande mmoja unakwenda kwenye spika, wa pili kwenye hedifoni. Unaweza kujifunzia, lakini sauti inatoka mono (kushoto na kulia ni kitu kimoja), na mara nyingi ni nyembamba kuliko ulivyozoea.

Ukinunua iliyotumika, iwe Kariakoo ya Dar, Luthuli ya Nairobi au kwa mtu binafsi, nenda na laptop yako na wimbo unaoujua vizuri. Usikubali kuonyeshwa taa zinawaka tu. Pandisha na ushushe kila kitelezi polepole wimbo ukiwa unapiga. Ukisikia mkwaruzo, vumbi au uchakavu umeingia. Weka kitelezi cha tempo katikati na uangalie kwenye programu kama inasoma sifuri na kutulia hapo. Namba ikitetemeka bila mtu kugusa, nyimbo zako zitakuwa zinakimbia na kurudi usiku kucha. Gusa juu ya kila gurudumu kwa kidole kimoja, wimbo usimame; uachie, uendelee. Mwisho chomeka hedifoni na uizungushe pini taratibu, kisha utikise waya wa USB kidogo sana. Sauti ikikatika upande mmoja au kontrola ikipotea kwenye programu, soketi imelegea, na ukarabati wake unahitaji fundi anayejua kulehemu vitu vidogo.

Spika na hedifoni

Kwa chumba cha mita 3 kwa 4, jozi ya spika za inchi 5 zenye amplifaya ndani yake inatosha na kubaki: Yamaha HS5, JBL 305P MkII au KRK Rokit 5. Kama mfuko haujaruhusu, sabufa ya sebuleni itakuvusha. Tafuta matundu mekundu na meupe nyuma yake, chomeka huko, na chagua AUX. Punguza besi yake hadi chini ya nusu. Sabufa nyingi zimetengenezwa zingurume, na DJ anayejifunzia kwenye besi ya uongo huja kupiga ukumbini nyimbo zake zikiwa hazina kifua, kwa sababu amezoea kuishusha kwenye mikisa, sehemu ya kuchanganyia nyimbo.

Hedifoni ziwe za kufunika sikio zima, za waya. Angalia pini: DDJ-FLX4 inachukua ile ndogo ya milimita 3.5, na mikisa nyingi za klabu huchukua kubwa ya 6.3. Nunua kiunganishi chake mapema.

Nyaya, mahali ambapo wengi hukosea

Sauti kuu ya kontrola hizi hutoka kwenye matundu mawili ya RCA, jekundu ni kulia na jeupe ni kushoto. Yamaha HS5 haina RCA hata moja. Ina tundu la XLR (la pini tatu) na la jeki ya milimita 6.3. Kwa hiyo unahitaji nyaya mbili, kila mmoja una RCA upande huu na jeki ya 6.3 ya mono upande wa pili. Jeki ya mono ina mstari mmoja mweusi kwenye ncha yake, ya stereo ina miwili. Ihesabu kabla hujalipa.

Tofauti hiyo ina maana kubwa. Muuzaji anaweza kukupa waya wenye RCA mbili zinazoishia kwenye jeki moja ya stereo, akakuambia utafanya kazi. Ukiuchomeka kwenye spika ya aina hii, sauti itatoka, lakini mwimbaji atakuwa ameyeyuka, besi imekimbia, na kilichobaki ni mwangwi wa vinanda vya pembeni. Spika hazijaharibika. Tundu hilo limeundwa kupokea mawimbi mawili na kuondoa kila kinachofanana kati yake, kwa sababu kwa kawaida kinachofanana ni kelele iliyookotwa njiani. Wewe umeipa kushoto na kulia, na sauti ya mwimbaji, kiki (mdundo wa ngoma kubwa) na besi huwekwa katikati, yaani sawasawa pande zote mbili. Spika imeviondoa vyote kwa uaminifu.

Nyaya za RCA zisizidi mita 3. Hazina kinga ya aina hiyo dhidi ya kelele, na zikirefuka zinaokota mngurumo wa umeme. Zipitishe mbali na waya wa umeme na chaja ya laptop. Ikibidi zikutane, zipishane kwa pembe ya mraba, zisilale sambamba.

Umeme

Chomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja inayotoka soketi moja. Laptop na spika mbili hazifiki wati 300, kwa hiyo ekstensheni nzuri ya ampea 13 haitaona hata uzito. Faida yake ni kwamba vifaa vyote vinatumia njia moja ya athi. Laptop ikiwa soketi ya ukuta huu na spika ukuta ule, umeme mdogo huzunguka kwenye waya wa sauti na unasikia mngurumo mzito wa hezi 50 usiokwisha.

Mngurumo ukiwepo, chomoa chaja ya laptop ufanyie kwa betri. Ukikoma, chanzo ni chaja. Dawa ni kifaa kidogo cha transfoma kinachokaa katikati ya nyaya za RCA na kuvunja mzunguko huo. Usikate wala kuikunja pini ya athi ya spika. Mngurumo utanyamaza kweli, na siku hitilafu ikitokea ndani ya spika, chasisi yake itakuwa na umeme unaokusubiri uiguse.

Stabilaiza husawazisha umeme unaopanda na kushuka. Haiweki akiba, hiyo ni kazi ya UPS. Umeme ukikatika, laptop na kontrola vitaendelea kwa betri na spika zitazima. Zizime kwa swichi zake hapohapo. Umeme unaporudi mara nyingi hurudi kwa kishindo, na spika iliyoachwa wazi hukipokea chote.

Utaratibu wa kila siku ni huu: washa laptop, kisha kontrola, spika za mwisho kabisa. Kuzima, spika ndizo za kwanza. Ukizichomoa nyaya spika zikiwa wazi, ule mlio wa "pap!" unaweza kuua twita, ile spika ndogo ya sauti za juu.

Meza na chumba

Meza ya kulia chakula ni fupi mno kwa mtu anayesimama. Uso wa kontrola uwe chini kidogo ya viwiko, kwa wengi ni kati ya sentimita 90 na 100 kutoka sakafuni. Spika mbili na kichwa chako vifanye pembetatu yenye pande sawa, twita zikiwa usawa wa masikio na zimekuelekea. Ziache angalau sentimita 20 kutoka ukutani, na usizitie kwenye kona, maana kona hujaza besi hadi usijue kiki inaanzia wapi. Chini ya kila spika weka kipande cha sponji ngumu.

Nyumba zetu nyingi ni tofali za saruji na vigae, na vyote hivyo hurudisha sauti. Piga kofi moja katikati ya chumba: ukisikia mlio unaotetema baada yake, ongeza vitambaa. Pazia nzito, zulia, godoro lililoegemezwa ukuta wa nyuma, au kabati la nguo lililoachwa wazi hufanya kazi nzuri kuliko trei za mayai, ambazo hazizuii chochote cha maana.

Pwani, hewa ya chumvi hula matundu na vitelezi. Kifunike kifaa kwa kanga kila ukimaliza, na usikiweke dirishani.

Programu

Sakinisha programu, na draiva kama kontrola yako inayo, kwanza, uchomeke kontrola baadaye. FLX4 inaendana na rekordbox na Serato DJ Lite. Mixxx ni ya bure yote na hurekodi pia. Ila angalia kwanza kama kontrola yako imo kwenye orodha yake. Laptop yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD inatosha.

Kwenye Windows, kama kontrola ina draiva yake ya ASIO (inayopunguza ucheleweshaji wa sauti), ichague, na bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchezwa) ya sampuli 256. Kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde hiyo ni kama milisekunde 5.8, mkono hauhisi ucheleweshaji wowote. Sauti ikipasuka pasuka, panda hadi 512. Ikiendelea, zima mpangilio wa Windows unaozima matundu ya USB ili kuokoa umeme, na chomeka kontrola moja kwa moja kwenye laptop bila kupitia kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake.

Nyimbo na gridi

Tafuta MP3 za kbps 320. Kila dakika ni takriban MB 2.4, kwa hiyo nyimbo 1,000 za dakika nne nne ni karibu GB 10. Faili lililonyonywa kwenye video linaweza kupita kwenye simu. Kwenye spika halisi matoazi yanasikika kama maji yanayochuruzika, na hakuna kitufe kinachoyarudisha.

Programu ikiuchambua wimbo huuwekea gridi ya biti, yaani mistari inayoonyesha kila biti ilipo, na hapa muziki wetu unahitaji jicho lako. Amapiano, karibu biti 112 kwa dakika, hukaa sawa bila shida kwa sababu imetengenezwa kwenye kompyuta. Singeli hupita 200, na programu nyingi huisoma nusu: wimbo wa 220 utaandikwa 110 na kukaa orodhani pamoja na Bongo Fleva. Tumia kitufe cha kuzidisha gridi mara mbili, au, kama programu yako inaruhusu, panua kipimo cha tempo kwenye mipangilio ya uchambuzi kabla ya kuingiza singeli.

Rumba na taarab za zamani ni kazi nyingine. Zilipigwa na watu, na mpiga ngoma huongeza mwendo sebene ikiingia. Gridi iliyonyooka itaanza sawa na kupotea kabla ya dakika ya pili. Rekordbox ina uchambuzi wa gridi inayofuata mabadiliko hayo; uchague kwa nyimbo hizo, kisha uhakiki kwa kusikiliza mlio wa kuhesabu biti mwanzo, katikati na mwisho. Zima kitufe cha SYNC, kinacholinganisha mwendo wa nyimbo chenyewe, kwa nyimbo hizi na uzipange kwa sikio, ukisukuma gurudumu kidogo kidogo. Ndipo mtu anapojifunza kazi yenyewe.

Viwango vya sauti

Weka kitufe cha sauti nyuma ya kila spika katikati kwa kuanzia. Pandisha kitelezi cha chaneli hadi juu, cheza sehemu yenye kishindo kuliko zote katika wimbo, kisha zungusha gaini (nguvu ya sauti inayoingia) ya chaneli hiyo hadi taa zifike mwisho wa kijani, rangi ya chungwa ikigusa kwa nadra. Fanya hivyo kwa kila wimbo, kwa sababu wa 1985 na wa mwaka huu hazikurekodiwa kwa nguvu sawa. Baada ya hapo chumba unakiongoza kwa kitufe cha MASTER.

Nyekundu isiwake. Mawimbi yaliyokatwa vichwa huzalisha sauti nyingi za juu ambazo hazikuwa kwenye wimbo, na zote hukimbilia twita. Ndiyo maana twita huungua hata kwa spika ambazo hazijafunguliwa hadi mwisho. Ukitaka sauti zaidi na taa zimefika, pandisha spika zenyewe. Na unapounganisha nyimbo mbili, shusha besi ya unaoingia hadi utakapokuwa tayari kuitoa ya unaotoka. Besi mbili kwa pamoja hupandisha taa haraka kuliko kitu kingine chochote.

Maikrofoni iwe ya dainamiki, yenye jeki ya 6.3. Ya kondensa inahitaji umeme ambao kontrola hizi haziutoi.

Nakili maktaba yako yote, pamoja na gridi na alama ulizoweka, kwenye diski ya nje kila mwezi. Fleshi unayotarajia kuipeleka kwenye deki za klabu ifomatiwe FAT32, kwa kuwa deki nyingi za zamani hazisomi exFAT, na ijaribu kabla ya siku ya kazi.