Somo: Kutafuta ushahidi wa tiba ukiwa zamu, kwa madaktari wa hospitali za Tabora

Somo hili ni la madaktari wa wodini, kuanzia Kitete na Nkinga hadi hospitali za wilaya za Nzega, Igunga, Sikonge, Urambo na Kaliua. Simu janja na bando la kawaida vinatosha. Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mama amejifungulia zahanati, damu haikatiki, amepewa oksitosini (dawa ya kukaza mji wa mimba) na sasa yuko njiani kuletwa kwako. Unataka kujua kama asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda, itamfaa.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kufungua simu

Utafutaji mwingi hufia hapa, wala kosa si la mtandao. "Traneksamiki inasaidia?" bado si swali. Swali lina vipande vinne: mgonjwa ni nani, unataka kumpa nini, unalinganisha na nini, na unatarajia matokeo gani. Kwa mfano wetu: mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, akipewa gramu 1 ya traneksamiki mshipani juu ya oksitosini, ukilinganisha na oksitosini peke yake, je, vifo vya kutokwa damu vinapungua? Kisha ongeza kipande cha tano ambacho vitabu vya Ulaya hukisahau: je, muda uliopita tangu ajifungue unabadilisha jibu? Kwa mkoa wenye umbali kama wetu, na barabara za masika, hicho cha tano ndicho kinachoamua.

Liandike kwenye karatasi, hata nyuma ya fomu. Usipoliandika, dakika ishirini baadaye utajikuta unasoma makala nzuri sana isiyomhusu mgonjwa wako.

Hatua ya 2: Anza juu, PubMed iwe ya mwisho

Kwanza fungua Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, ule unaokwenda pamoja na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, toleo la 2021. Pili, miongozo ya Shirika la Afya Duniani. Tatu, mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaojumlisha majaribio mengi ya tiba. Ukikosa hapo ndipo ushuke kwenye makala moja moja kupitia PubMed, hifadhidata ya makala za tiba. Sababu ni rahisi: huko juu kuna watu waliokwisha kusoma majaribio yote, wakayapima, na kuyapa uzito. Huwezi kuifanya kazi hiyo saa nane usiku.

Kwa mama wetu jibu liko hukohuko juu. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani la 2017 ni gramu 1 mshipani, taratibu kwa dakika 10, mapema iwezekanavyo na ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, au ikianza tena ndani ya saa 24, rudia gramu 1. Zingatia kwamba saa 3 zinahesabiwa tangu mtoto alipozaliwa. Mama aliyekaa saa mbili na nusu kwenye gari la wagonjwa amebakiwa na nusu saa tu anapofika mlangoni kwako. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuguzi aliyemsindikiza ni saa aliyojifungua.

Kila mwongozo utazame mwaka. Nakala zinazozunguka kwenye makundi ya simu mara nyingi ni matoleo yaliyopitwa.

Hatua ya 3: Pita mlango wa Hinari

Hinari ilianzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 na sasa iko chini ya Research4Life, mpango mama wa huduma za aina hii. Inazipa taasisi za nchi za kipato cha chini majarida ambayo kwa kawaida hulipiwa kwa dola. Tanzania iko kundi A, yaani taasisi hailipi kitu. Anayesajiliwa ni taasisi, si daktari mmoja mmoja: hospitali hupewa jina la mtumiaji na nenosiri, na watumishi wake wote hulitumia.

Hapa ndipo wengi hukwama. Daktari anafungua PubMed moja kwa moja kutoka Google, anapata makala, anabonyeza, anadaiwa dola 35, anasema Hinari haifanyi kazi. Inafanya kazi, ila hakupita mlangoni. Tovuti ya jarida haikujui wewe wala hospitali yako. Inautambua mlango wa Research4Life tu. Ingia kwanza kwenye lango lao, weka nenosiri, kisha fungua PubMed au jarida kutoka humo ndani. Ukimaliza, toka rasmi, hasa kwenye kompyuta ya pamoja.

Mambo mawili hufanya akaunti ya hospitali ifungwe: kupakua toleo zima la jarida kwa mkupuo, na kumgawia nenosiri mtu asiye mtumishi. Wachapishaji huona.

Hatua ya 4: Jenga sentensi ya PubMed

PubMed ni ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, nayo haina malipo. Hailijui swali lako, inajua maneno. Kila kipande cha swali kiwe fungu moja ndani ya mabano, visawe viunganishwe kwa OR, mafungu yaunganishwe kwa AND. Herufi ziwe kubwa:

("postpartum hemorrhage"[mh] OR "postpartum hemorrhage"[tiab] OR "postpartum haemorrhage"[tiab]) AND ("tranexamic acid"[mh] OR "tranexamic acid"[tiab])

Alama [mh] hutafuta kwenye vichwa vya mada vilivyowekwa na maktaba. [Tiab] hutafuta kwenye kichwa cha makala na ikisiri. Tumia zote mbili. Ukitegemea [mh] peke yake utazikosa makala ambazo hazijawekewa vichwa vya mada, na baadhi hazitawekewa kamwe.

Makosa yanayorudiwa kila siku ni haya. Ukiweka alama za kunukuu, PubMed huacha kukutafutia visawe yenyewe, hivyo tahajia ya Kiingereza cha Uingereza na ya Marekani lazima uziandike zote mbili kama hapo juu. Ukisahau mabano, itasoma kutoka kushoto kwenda kulia na kukuletea mchanganyiko. Nyota ya kukata neno inahitaji herufi nne au zaidi kabla yake. Kifupisho PPH (postpartum hemorrhage, kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua) kitakuletea pia shinikizo la damu la mapafu, usishangae. NOT iache kabisa: ukiandika NOT children, unatupa pia makala zilizochunguza watoto na watu wazima kwa pamoja.

Halafu vichujio. Ukichagua "Systematic Review" leo kwa mgonjwa mmoja, kichujio hicho hubaki kimewashwa kwenye utafutaji wako unaofuata. Daktari anatafuta kitu kingine, anapata makala mbili, anahitimisha kwamba dunia haijawahi kulichunguza jambo hilo. Futa vichujio kila unapoanza swali jipya.

Kama huna muda wa haya yote, fungua "Clinical Queries" ndani ya PubMed hiyohiyo, andika maneno mawili matatu, chagua "Therapy" (tiba) na "Narrow" (matokeo machache yaliyochujwa). Mtego wake ni mdogo lakini samaki wake ni wa kuliwa.

Hatua ya 5: Soma zaidi ya ikisiri

Jaribio la WOMAN, 2017, liliandikisha akina mama 20,060 katika nchi 21. Vifo vya kutokwa damu vilikuwa asilimia 1.5 kwa waliopewa traneksamiki na 1.9 kwa wasiopewa. Waliopewa ndani ya saa 3: 1.2 dhidi ya 1.7. Kwa hesabu ya wodini, takriban akina mama 200 wapewe mapema ili mmoja aokoke. Lakini ukiteremka chini kidogo utaona kwamba vifo vya sababu zote na kuondolewa kizazi, vikijumlishwa pamoja, havikupungua: 5.3 dhidi ya 5.5. Kwa hiyo dawa hii haichukui nafasi ya oksitosini, ya kukagua michaniko ya njia ya uzazi wala ya chumba cha upasuaji. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha pia kwamba faida hushuka kwa takriban asilimia 10 kila dakika 15 zinapopita. Hiyo ndiyo hoja ya kumpelekea mratibu wa huduma za mama na mtoto: dozi ya kwanza itolewe kabla ya safari.

Tazama vilevile ni nani walioachwa nje ya utafiti. Jaribio la FEAST la 2011 lilifanyika Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu. Waliomiminiwa maji ya haraka walikufa zaidi ndani ya saa 48: asilimia 10.6 kwa albumini, 10.5 kwa salaini (maji ya chumvi), dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Matokeo hayo yalipindua mazoea ya miaka mingi. Hata hivyo watoto wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Anayelitumia FEAST kumnyima maji mtoto wa kipindupindu hajasoma sehemu ya mbinu.

Hatua ya 6: Kumwomba mtu akutafutie

Kama kuna mkutubi, au mwenzako yuko masomoni chuoni, usimtumie ujumbe wa "naomba makala za PPH". Mtumie swali lenye vipande vinne, umri na hali ya mgonjwa bila jina wala namba ya faili, ulipokwisha kutafuta, unahitaji lini, na ni kwa kazi gani. Jibu la mgonjwa wa leo linahitaji ukurasa mmoja. Mwongozo wa idara unahitaji utafutaji wa siku kadhaa, na sentensi ya PubMed iliyotumika ihifadhiwe pamoja na tarehe.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Intani, wodi ya watoto: Shikamooni wakuu. Hospitali yetu ya wilaya haina nenosiri la Hinari, na hakuna anayejua kama iliwahi kusajiliwa. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba. Kabla ya kusajili upya, tafuta jina la hospitali kwenye orodha ya taasisi iliyo kwenye lango la Research4Life. Mara nyingi imo, ila aliyesajili alihamishwa na nenosiri akaondoka nalo. Ikiwemo, Mganga Mfawidhi aandike kuomba aliyesajiliwa abadilishwe. Isipokuwemo, yeye huyohuyo aidhinishe usajili. Tumieni barua pepe ya ofisi. Ya mtu binafsi ndiyo iliyowafikisha hapo.

Muuguzi mkunga, Nzega: Habari za kazi madaktari. Na sisi wauguzi tunaruhusiwa, au ni ya madaktari tu?

Jibu: Nzuri, Sista. Mnaruhusiwa kabisa, ni ya watumishi wote wa taasisi, mfamasia na mtu wa maabara wakiwemo.

Daktari, Sikonge: Mtandao wetu ni wa kusuasua. PDF ya MB 4 inakatikia katikati.

Jibu: Usipakue, soma makala kwenye ukurasa wa kawaida pale PMC (PubMed Central, hifadhi ya makala nzima za bure), maandishi ni mepesi kuliko PDF. Matokeo ya PubMed yatume kwenye barua pepe yako kwa "Send to", kisha makala nzima uzishushe ukifika penye mtandao mzuri. Pia weka kwenye simu programu ya miongozo ya Médecins Sans Frontières. Ukishaishusha mara moja inafunguka bila mtandao, na dozi zake zimeandikwa kwa hospitali za aina yetu.

Daktari, Igunga: Mimi huweka kichujio cha "Free full text" mwanzoni kabisa ili nisisumbuke na za kulipia. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, kaka. Unachagua ushahidi kwa bei yake. Makala iliyo bora zaidi inaweza kuwa ya kulipia, na kwa Hinari ungeipata. Tafuta zote, chagua zinazofaa, ndipo uhangaikie kuzipata. Google Scholar ina kiungo cha matoleo yote chini ya kila makala. Mara nyingi nakala ya bure imejificha hapo.

Daktari, Kaliua: Nimeiuliza programu ya akili mnemba, ikanipa jibu safi na marejeo matano. Mawili siyaoni popote.

Jibu: Huyaoni kwa sababu hayapo. Programu hizo zinaweza kutunga kichwa cha makala, waandishi na mwaka vikapendeza kabisa. Zitumie kukupa visawe vya Kiingereza vya kujengea sentensi ya hatua ya 4, hapo zinasaidia kweli. Ila kila rejeo libandike kichwa chake kwenye PubMed. Namba ya PMID (namba ya makala kwenye PubMed) ikitolewa, ifungue uhakikishe ni makala ileile, maana namba inaweza kuwa ya kweli ikawa ya utafiti wa panya. Na dozi usiichukue huko hata kidogo.

Daktari, Urambo: Tunashuku malale kwa mrina asali aliyetoka porini. Kitabu nilichonacho kinasema suramini au melasoproli. Bado ni hivyo?

Jibu: Kitabu chako kimepitwa kwa wagonjwa wengi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 kwa malale ya rhodesiense (aina ya kimelea cha malale kinachopatikana kwetu) umeiweka mbele feksinidazoli ya kumeza kwa wenye miaka 6 na kuendelea na uzito wa kilo 20 au zaidi. Ni siku 10, mgonjwa awe ameshiba, na kila dozi isimamiwe, kwa sababu bila chakula dawa hainyonywi vya kutosha. Kwenye PubMed tumia "trypanosomiasis, african"[mh] AND rhodesiense[tiab]. Usipoweka rhodesiense utazama kwenye makala za gambiense, aina nyingine ya malale ambayo si ya kwetu, na matibabu yake yana hatua tofauti. Dawa haiuzwi madukani. Toa taarifa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya leo hii ili iombwe kupitia mpango wa taifa, huku maabara ikirudia kuangalia damu.