Somo: Kulea kipepeo wa mlimao kwenye ndoo mpaka aruke

Wakuu, niliahidi somo hili, na leo mvua imetufungia ndani hapa Nyegezi, Mwanza, kwa hiyo sina kisingizio.

Tunayemlea ni Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anayezungukazunguka milimao. Nimemchagua kwa sababu chakula chake kiko uani: majani ya mlimao, mndimu au mchungwa. Usimpe mchicha wala kabichi, atakufa njaa huku akiviangalia.

Hatua ya 1: Tafuta yai. Jua likishapanda kidogo, mvizie jike anavyogusagusa majani machanga. Akikunja tumbo na kuondoka, nenda kaangalie: kaacha yai moja la njano mpauko, dogo kama kichwa cha pini. Ukikosa mayai, tafuta kinyesi cha ndege juu ya jani. Kikitembea, ndiye mwenyewe. Kiwavi mchanga anajifananisha hivyo ili ndege wampite. Usimbandue kwa vidole, kata kijitawi chote.

Hatua ya 2: Nyumba. Ndoo ya lita 20, gazeti chini, kitambaa chepesi cha pazia juu, kisha kaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

Hapo kwenye kitambaa naomba mnisikilize vizuri. Mara ya kwanza nilikata kipande cha chandarua kilichochakaa, nikajiona mjanja. Viwavi tisa. Asubuhi wawili walikuwa wamelala chini wanajikunjakunja, jioni hakuna aliyebaki. Chandarua kilikuwa cha dawa! Dawa ile inaua mbu, na kiwavi naye ni mdudu. Kukifua hakutoshi kukuhakikishia usalama, kwa hiyo achana nacho kabisa. Vivyo hivyo majani: usichume kwa jirani kabla hujamuuliza kama amepulizia mti wake.

Ndoo iwe kivulini. Huku kwetu kwenye mawe, jua la saa saba likiipata ndoo inageuka oveni. Itundike kwa kamba, sisimizi wasiifikie kirahisi. Sisi wa karibu na ziwa tuna kazi ya ziada: wale wadudu wa ziwa wakija kama moshi, buibui nao hunenepa na kutanda kila kona. Kagua kitambaa kila jioni.

Hatua ya 3: Kulisha. Chomeka kijitawi kwenye chupa ndogo ya maji, mdomo uzibwe kwa pamba, maana kiwavi hushuka na kuzama. Badilisha majani yakinyauka na utupe kinyesi kila siku, unyevu ukizidi wanaugua. Baada ya kujivua ngozi mara kadhaa ataacha sura ya kinyesi na kuwa wa kijani, mnene, na hapo ulaji wake utakushangaza.

Hatua ya 4: Pupa, yaani kiwavi akiwa ametulia ndani ya gamba kabla hajawa kipepeo. Kwanza atazurura, kisha ajifunge kwenye kijiti kwa uzi wake kiunoni kama fundi wa nguzo za umeme. Usimguse. Mara nyingi hukaa hivyo wiki mbili hadi tatu.

Hatua ya 5: Kumwachia. Akitoka mabawa yamekunjamana. Lazima apate pa kuning'inia, la sivyo yanakauka yamepinda na hataruka kamwe. Mpe saa kadhaa, kisha fungua kitambaa asubuhi yenye jua, hapohapo mtaani ulipookota yai.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, mwanangu kamgusa kiwavi, akatoa pembe nyekundu na harufu kali. Ni sumu?*
Hapana, anatisha tu. Mtoto anawe mikono. Ila viwavi wenye manyoya asiwashike, hao wengine wanawasha kwelikweli.

*Shikamoo kaka. Nina mlimao mmoja mchanga, hawataumaliza?*
Marahaba mdogo wangu. Wataumaliza! Lea wawili watatu, sio kumi.

*Pupa wangu kawa mweusi. Kafa?*
Ukiona michoro ya mabawa kwa ndani, atatoka karibuni. Ukiona kitundu kidogo cha duara, nyigu wadogo walitaga ndani yake akiwa kiwavi, nao wameshatoka. Ndiyo maana nasisitiza kuanza na yai.

*Hii inaweza kuwa biashara?*
Kule Amani, Usambara Mashariki, wanavijiji walikuwa wakifuga na kuuza pupa nje ya nchi. Serikali ilipozuia kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016, nao wakaguswa. Ni mambo ya vibali hayo, si ya ndoo moja uani.

*Wangu katoka jioni na mvua inanyesha. Nimfukuze?*
Mwache alale humo. Siku ya kwanza anaweza kukaa bila chakula.

*Mbona anadondosha matone mekundu? Anatoka damu?*
Si damu dada yangu, ni uchafu aliobaki nao tangu akiwa pupa. Tandika gazeti mapema. Mimi kitambaa changu cha meza hakijatakata mpaka leo.