Kabla Hujamuuliza Daktari Kama Saratani ya Matiti Itarudi

Usiende mikono mitupu. Beba nakala ya majibu ya patholojia (uchunguzi wa uvimbe maabara), yale ya baada ya upasuaji. Kama ulipewa kemo kwanza, beba na ya kinyama cha mwanzo kilichokatwa kupimwa. Humo mna ukubwa wa uvimbe, daraja lake (1 hadi 3), tezi za kwapani zilizokutwa na saratani, vipokezi vya homoni (kama uvimbe unakuzwa na homoni) na HER2, protini inayoweza kuukuza haraka. Anayekutajia asilimia bila kuviona hivyo anabahatisha.

Uliza asilimia hiyo ni ya nini, na ya miaka mingapi. Kurudi kwenye titi lilelile si sawa na kuibukia kwenye mifupa au ini. Kikokotoo cha mtandaoni cha PREDICT, ambacho wengi hujijazia wenyewe usiku wa manane, kinakadiria uwezekano wa kuishi, si wa saratani kurudi.

Halafu uliza: namba hii imehesabiwa kwa sharti gani? Dada yangu alipimwa Oncotype DX, kipimo kinachosoma jeni 21 za uvimbe na kutoa alama kati ya 0 na 100. Yake ikawa ndogo, kemo akaambiwa haihitaji. Karatasi akaikunja mara nne, akawa anatembea nayo kwenye pochi. Miezi minane baadaye tamoksifeni, dawa ya homoni aliyokuwa anameza, ikamchosha: joto la ghafla, shuka zinalowa jasho, usingizi hakuna. Akaacha kimyakimya. Si namba ni ndogo? Mimi nilijua, nikanyamaza. Siku ya kliniki daktari aliikunjua ile karatasi na kuweka kidole kwenye maandishi madogo: makadirio hayo ni ya mgonjwa anayetumia dawa ya homoni kwa miaka 5. Dada alikuwa anajivunia namba ya mtu anayemeza vidonge. Amerudia dawa, na sasa madhara anayasema.

Ukiambiwa dawa inapunguza hatari kwa theluthi, uliza theluthi ya ngapi. Kwa hatari ya 30 kati ya 100 ni watu 10. Kwa 6, ni wawili tu.

Na miaka 5 si mstari wa kumalizia. Saratani yenye vipokezi vya homoni inaweza kurudi hata baada ya 10 au 20; isiyo na vipokezi vyote vitatu (viwili vya homoni, na HER2) hatari yake kubwa ni miaka ya mwanzo. Usijilinganishe na mgonjwa wa kitanda cha jirani. Uvimbe mpya, maumivu ya mgongo yasiyoisha, kikohozi kisichokoma: usisubiri tarehe ya kliniki. Na usiende peke yako, nenda na mtu wa kuandika.