Chenga za mkate juu ya makaroni ya jibini: zikaange kwanza

Ukipika makaroni ya jibini nyumbani, usitupe ule mkate wa juzi uliokauka. Ndio unaofanya tabaka la juu liwe kavu na la kutafunika vizuri. Mkate laini wa leo una maji mengi, unalowa upesi.

Chukua slesi 3, uzikwaruze au uzivunjevunje kwa vidole. Usizisage zikawa unga. Chenga za ukubwa wa punje za mchele ndizo nzuri. Yeyusha vijiko 2 vya siagi kwenye kikaango, moto mdogo, tia chenga na ukoroge bila kuacha mpaka zianze kupata rangi ya dhahabu, dakika 3 au 4 tu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanamwaga chenga kavu moja kwa moja, zinanyonya sosi na kuwa kama uji. Siagi inazivika mafuta, unyevu hauingii kirahisi.

Epua, zipoe kidogo, ndipo uchanganye na jibini iliyokwaruzwa na pilipili manga. Jibini ukiitia kikaangoni itaganda chini. Tandaza juu ya makaroni bila kushindilia, weka kwenye oveni yenye nyuzi 200 kwa dakika 15, bila kufunika.

Huna oveni? Usihangaike kupalia makaa, mfuniko unashika mvuke. Kaanga chenga mpaka ziive kabisa, uzinyunyize wakati wa kupakua. Mimi hata nazipenda hivyo zaidi.