Bei ikishuka baada ya kununua: dai tofauti ya bei bila kudhulumu

Kabla hujabeba boksi kurudi dukani, geuza risiti usome masharti. Maduka mengine huahidi kulipa tofauti bei ikishuka ndani ya siku kadhaa. Ahadi ikiwepo, nenda na risiti na picha ya bei mpya inayoonyesha tarehe, uombe tofauti tu. Hakikisha modeli ni ileile. Herufi moja ya mwisho ikitofautiana utakataliwa, na kwa haki.

Ahadi isipokuwepo, omba vilevile. Kukurudishia pesa zote kunamgharimu muuzaji zaidi: kukagua mzigo, kuurudisha stoo, na mara nyingi ada ya kadi asiyorudishiwa. Meneja mwenye hesabu ataliona hilo.

Akikataa, kurudisha boksi ambalo halijafunguliwa na kununua upya si wizi. Masharti ya kurudisha bidhaa kayaandika muuzaji mwenyewe. Nunua cha bei mpya kwanza, maana kikiisha utabaki mikono mitupu.

Mpaka uko hapa: kununua kipya kwa bei ya chini, kukirudisha kwa risiti ya zamani, na kubaki na kile ulichokwisha kutumia. Namba ya kipekee ya kifaa iliyo kwenye boksi haitalingana na ile ya mauzo ya kwanza, na huo ni udanganyifu hata kama vitu ni mapacha. Vivyo hivyo kurudisha nguo uliyoivaa kisha ukairudishia lebo.

Kwa duka dogo la mtu mmoja na tofauti ya senti chache, mwachie tu.