Kuvaa soksi za kubana baada ya matibabu ya vena zilizovimba miguuni

Vaa soksi asubuhi kabla hujashuka kitandani, kwa kuwa mguu ukishaning'inia damu huteremka na kuuvimbisha. Ipindue upande wa ndani uje nje hadi usawa wa kisigino, ingiza vidole, kalisha kisigino mahali pake, kisha ipandishe kidogo kidogo huku ukinyoosha kila mkunjo. Usiikunje juu, maana hapo itakaza kama kamba na kuzuia damu inayorudi moyoni. Glavu za mpira, hata zile za kuoshea vyombo, husaidia kuliko nguvu. Muda hupangwa na daktari. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 unashauri usizidi siku 7. Vidole vikifa ganzi au kupoa, ivue umwone daktari. Shavu la mguu likivimba au pumzi zikikubana ghafla, nenda hospitali mara moja.