Somo: Kumlinda mzee na matapeli wa simu

Kambo wangu (ndivyo tunavyowaita babu na bibi) wa Katuba, hapa Lubumbashi, alikuwa ameandika namba yake ya siri ya pesa za simu kwenye kikaratasi, akakificha ndani ya plastiki ya kadi ya uchaguzi. Kadi hiyohiyo humpa mtu wa kabini, kibanda cha pesa za simu, kila anapotoa pesa.

Hatua ya 1. Keti naye mbadilishe namba. Mwaka wa kuzaliwa usitumike, umeandikwa kwenye kadi. Abonyeze mwenyewe, hata wewe geuka upande. Kikaratasi kichomeni.

Hatua ya 2. Mfundishe kusema, "Ngoja, nitakupigia," kisha akate na kupiga namba ya mjukuu aliyonayo tangu zamani. Tapeli hulia: "Kambo, niko hospitali, tuma dola 50 sasa hivi, usimwambie mama." Haraka na siri vikija pamoja, akate. Lifanyieni mazoezi, wewe ukiwa tapeli, tena mara nyingi. Wazee wetu wamelelewa kwamba kumkatia mtu simu ni kukosa adabu, na wezi wanalijua hilo.

Hatua ya 3. WhatsApp: fungua Mipangilio, Akaunti, kisha washa Uthibitishaji wa hatua mbili. Tarakimu 6 zinazoingia kwa SMS asimsomee mtu, hata anayejiita mchungaji. Akizisoma, kanisa zima litaombwa pesa kwa jina lake.

Hatua ya 4. Picha ya kadi asimtumie anayeahidi msaada.

MASWALI

Mama wa Kamalondo: Mama yangu amepata ujumbe kuwa pesa zimeingia kwa makosa. Mtu anapiga, anaomba arudishiwe.
Jibu: Mama, atazame salio, asitegemee ujumbe. Kama hazipo, ni uongo. Kama zipo, asizitume wala asizile. Aliyekosea akaiombe kampuni ya simu izirudishe.

Kijana wa Kampemba: Papa (baba) alimsomea mtu zile tarakimu 6 za WhatsApp jana!
Jibu: Asajili WhatsApp upya kwenye simu yake leo, mwizi atatolewa. Akidaiwa namba ya siri ambayo hakuiweka yeye, atangoja siku 7. Nyinyi waarifuni ndugu wote sasa.

Yaya (ndugu mkubwa) wa Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi: Tata (baba) anakataa kusema alipoteza kiasi gani.
Jibu: Yaya, usimuulize mbele ya watoto. Kambo wangu alinyamaza miezi 2. Alinieleza jioni moja tukiwa wawili uani, tukimenya karanga, wala hakuinua macho. Kesho yake tulikwenda pamoja kwenye kampuni ya simu.